Watani wa Nyota ya Majivu

Nianze na mahali pa kukaa, maana ugomvi wangu wote ulianzia hapo. Sebuleni kwetu, katika nyumba ya serikali juu ya bandari ya Kigoma, kulikuwa na kochi moja refu lililofunikwa vitambaa vya mama, na mbele yake zulia jekundu. Kochi lilikuwa la wazazi. Sisi vijana tulikaa zuliani, na hapo zuliani pangu palikuwa mkono wa kulia wa rafiki yangu, bega kwa bega, kiasi kwamba mguu wake ukifa ganzi mimi ndiye wa kwanza kuambiwa. Nilipapenda mahali pale kuliko chakula.

Rafiki yangu alikuwa binti wa Ujiji, wa koo zile ambazo mababu zao walitoka ng'ambo ya ziwa na kubaki. Alilelewa na bibi yake. Mimi nilikuwa mtoto wa mtumishi wa idara ya maji, Mpare aliyehamishiwa Kigoma akaja na mke, watoto, televisheni na deki yake ya video, na siku yangu ya kwanza sekondari nilisimama peke yangu karibu na bomba nikijifanya nina kiu. Ndiye aliyenifuata. Alinitazama akasema sketi yangu imevaliwa kama gunia lililofungwa na mtu mwenye haraka. Nilinuna wiki nzima. Mimi ni mtu wa kununa, nimezaliwa hivyo, na mama alikuwa akisema nikiwa tumboni nilimnunia hata yeye. Rafiki yangu alikuja kuniomba radhi, akanishika mkono, na tangu siku hiyo hakunitania tena hata kwa bahati mbaya. Nililiona hilo kuwa ushindi.

Katuni ilikuja kwa treni. Baba mdogo aliyekuwa Dar es Salaam aliirekodi kwenye televisheni yake, kanda baada ya kanda, na kila alipompata mtu wa kuja Kigoma alimtwisha mzigo. Ilikuwa hadithi ya anga, ya mataifa yanayopigana baina ya nyota na nyota, na kwa kuwa baba mdogo alirekodi huku anasinzia, vipande vingine havikuwa na mwanzo na vingine vilikatizwa na matangazo ya sabuni. Kiingereza chake tulikipata nusu. Nusu iliyobaki tuliijaza wenyewe, na hapo ndipo yalipotoka mabishano ya Jumamosi nzima, umeme ukiwepo na hata ukikatika.

Mataifa makubwa yalikuwa mawili. Kulikuwa na mashujaa walionyoa nywele zote kabla ya vita, tukawaita Vipara. Waliishi ndani ya jiwe kubwa lililochongwa likawa chombo cha kusafiria, na mila yao ilikuwa kutotia kitu kinywani tangu vita vitangazwe mpaka viishe. Adui zao waliishi kwenye nyota iliyoungua, nao tukawaita Majivu. Mkuu wa Majivu ndiye aliyekuwa mbaya wa hadithi: mzee wa joho refu, mkono mmoja hana, mguu mmoja anauburuta, uso kaufunika kwa kitu kama ungo. Huyu kabla hajauangamiza mji alijitokeza kwenye vioo vya watu wa mji ule akawauliza kwa adabu kama wameshakula. Kwa Majivu ilikuwa aibu kubwa kumuua mtu mwenye njaa. Vipara kila mara walimjibu kwamba hawajala, basi mzee wa watu anabaki amesimama na majeshi yake yote, hasira zimempanda, amefungwa na sheria yake mwenyewe.

Mara ya kwanza alipouliza swali lile, rafiki yangu alicheka mpaka akalala kifudifudi.

"Huyu bibi," alisema. "Huyu ni bibi mtupu."

Bibi yake alikuwa mnunuzi wa dagaa pale ufukweni Kibirizi. Mguu wake wa kulia ulikuwa mbovu tangu ujana, na hakuna aliyeingia uani kwake Ujiji bila kuulizwa, kabla hata shikamoo yake haijaitikiwa, "Mmekula?" Aliuliza hivyo kwa wingi hata mtu akiwa peke yake, kama vile kila mgeni ana wenzake waliojificha nyuma ya mlango. Tangu siku ile mbaya wa katuni akapewa maneno ya bibi na sisi wote tukamwiga, mguu tukiuburuta. Vipara nao tukawapa jibu lao la kudumu: "Hatujala, na hatuli." Bibi mwenyewe alipoambiwa kuwa kuna jini la angani linamwiga, alitaka kujua tu kama jini hilo linauliza kwa moyo au kwa mdomo.

Mabishano yenyewe yalikuwa makali. Kijana mmoja wa darasani kwetu, aliyekuja kwa baiskeli kutoka Mwandiga, alishikilia kwamba sheria ya Majivu ni upuuzi, maana adui mwenye njaa ndiye wa kupigwa kwanza. Rafiki yangu alisema Vipara wamefunga, na aliyefunga haguswi. Yule kijana, aliyekuwa mwanakwaya, akasema mtu hafungi kwa ajili ya vita, anafunga kwa ajili ya Mungu. Wakaniuliza na mimi. Mimi nilisema alichosema rafiki yangu. Ndivyo nilivyokuwa nikibishana miaka ile, na sikuona kasoro yoyote.

Kisha akaja yule wa ng'ambo.

Ilikuwa ile miaka watu walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita vya kwao. Wengi walipakiwa kwenye malori wakapelekwa makambini. Wachache waliokuwa na jamaa Ujiji walipotelea humo humo, nyumba kwa nyumba. Yeye na mama yake walikuwa na udugu na bibi kwa njia ambayo hakuna aliyenieleza ikaeleweka. Waliingia uani na vifurushi vyao, bibi akauliza kama wamekula, na hicho ndicho kikawa kibali chao cha kukaa. Alikuwa rika letu. Shule hakwenda. Asubuhi alifuatana na bibi Kibirizi kuanika dagaa, jioni alilala kitanda kimoja na rafiki yangu, na Jumamosi ya kwanza tu rafiki yangu akaja naye kwetu kutazama katuni.

Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikuona nilipopona. Aliketi mkono wa kushoto wa rafiki yangu, na kushoto palikuwa wazi siku zote, sikuwa na la kusema. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa na shingo ndefu, kicheko cha ghafla, na vidole vyenye harufu ya dagaa ambayo sabuni haikuiondoa. Nilitamani mama alalamike juu ya harufu ile. Mama akamletea chai, akamwongezea na sukari.

Siku hiyo tulibishana kama mkuu wa Majivu ni mbaya kweli au ana utu. Kila mtu alikuwa na lake. Mwishoni yeye akasema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, bila kunyanyua sauti:

"Huyu si mubaya. Huyu anauliza. Waliokuja kwetu hawakuuliza mutu kama amekula. Ugali tuliuacha juu ya moto."

Yule kijana wa Mwandiga aliinamisha kichwa. Rafiki yangu akamshika mkono, wa kushoto akashikwa, mimi wa kulia nikaachwa. Najua linavyosikika nikilisema leo, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilimwonea wivu hata kwa hilo. Mimi nilikuwa nimetazama kanda zote, majina ya vyombo vyao niliyajua, nimeshinda nikieleza nani ni mtoto wa nani, na katika yote niliyowahi kusema hakuna neno lililowahi kuinyamazisha sebule.

Baba ndiye aliyelileta jambo la utani. Alikuwa anapita kwenda chumbani, akasikia makelele yetu, akasimama nyuma ya kochi na taulo begani akatazama kipande kizima. Mkuu wa Majivu akauliza swali lake, Vipara wakajibu jibu lao, na baba akacheka.

"Hawa si maadui," alisema. "Hawa ni watani."

Akakaa, akatufundisha, maana baba alipenda kufundisha kuliko kuoga. Alisema yako makabila yaliyopigana zamani mpaka yakachoka, kikabaki kutukanana tu, na matusi hayo ndiyo mkataba wao. Alitutajia Mchaga wa ofisini kwake. Sote tulimjua: Jumapili moja aliingia kwetu, akafungua banda, akamkamata jogoo wa mama na kuondoka naye akiimba, na baba, ambaye kwa kawaida alihesabu hata vijiti vya kiberiti, alicheka mpaka machozi. Mtani hakasirikiwi, baba alisema. Anachukua chako mbele ya macho yako, na siku yako ya msiba ndiye mwenye kazi. Atamwiga marehemu, atalala njiani jeneza lisipite, atadai kuku, na hapana wa kumfukuza.

"Ndugu kazi yake kulia," alisema. "Mtani kazi yake kuwachekesha wanaolia. Ndugu akichekesha msibani, huyo ana wazimu."

Nililisikia hilo kwa sikio moja. Lingine lilikuwa limeshashika kwamba sasa tutagawana mataifa, na kwamba rafiki yangu ameshasema yeye ni Kipara. Niliruka kabla mtu hajapumua. Nikasema na mimi ni Kipara, sisi wawili ni ndugu wa jiwe moja, tumenyolewa kwa wembe mmoja, na nikasogea nikambana bega lake nisije nikaondolewa. Yule wa ng'ambo naye alikuwa amefungua mdomo kusema. Akaufunga. Kijana wa Mwandiga akachagua taifa la wachuuzi waliouza silaha pande zote mbili, na hakuna aliyeshangaa. Majivu hawakuwa na mtu.

"Basi mimi Majivu," alisema yule wa ng'ambo, na akainuka akauburuta mguu kuzunguka zulia, ungo wa mama usoni.

Nilirudi chumbani kwangu siku ile nikiwa mshindi. Nilikuwa nimepata undugu, yeye amepata uadui, na katika hesabu zangu ndugu alikuwa karibu zaidi. Nani angefikiri vingine?

Jumatatu ndipo nilipoanza kuona. Rafiki yangu alifika shuleni amevaa ndala za rangi mbili, kwa sababu Majivu ameiba mguu mmoja wa kila jozi. Hakukasirika. Alikuwa amechelewa, ameadhibiwa kufagia uwanja, na huku anafagia anacheka peke yake. Jumanne yule wa ng'ambo alikuja kumpokea shuleni, nikaenda nao Ujiji, na njia nzima ilikuwa matusi. Yule alimwambia kichwa chake ni yai la bata lililokosa mama. Huyu akamwambia mla majivu wewe, mkono mmoja, hata kujikuna mgongo unaomba msaada wa serikali. Walishikana viuno kwa kucheka. Mimi nilitembea pembeni nimewabebea madaftari.

Nikajaribu na mimi. Nilimngoja tulipokuwa wawili tu, nikamwambia rafiki yangu kwamba ana masikio kama vishikio vya sufuria. Nilikuwa nimelitengeneza usiku kucha. Alisimama, akanitazama usoni kwa huruma.

"Umeudhika na nini?" aliniuliza. "Niambie tu, ndugu yangu."

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilikonda kweli, mama akaninunulia dawa ya minyoo. Na watu wakifika hapa katika hadithi hii hunitazama wakingoja niseme kwamba nilikwenda kumchongea kwa wakubwa, kwamba kuna mkimbizi anaishi mjini bila karatasi. Sikumchongea. Wivu wangu ulikuwa mvivu, ulipenda kukaa karibu na kutazama.

Bibi alikufa msimu wa mvua, ghafla, uani kwake, akiwa anachambua dagaa. Alizikwa siku ile ile kabla ya magharibi, kama desturi ya Waislamu wa Ujiji. Nilipofika na mama kesho yake asubuhi, wanawake walikuwa wamejaa ndani, mikekani, kanga vichwani, na rafiki yangu amekaa kwenye kona miguu ameikunja. Hakulia. Hakuwa amelia tangu jana, waliniambia, wala hakuwa amekula. Alikuwa anautazama mlango wa uani, pale bibi alipokuwa akitokea.

Nilikwenda moja kwa moja mahali pangu, mkono wa kulia. Nilimkumbatia. Nilimletea uji, nikaupuliza, nikamwambia maneno yote ninayoyajua: kazi ya Mungu haina makosa, sote njia ni hiyo, bibi asingependa kukuona hivi. Akatikisa kichwa. Nikamletea ndizi, akatikisa kichwa. Wanawake wakubwa walijaribu, wakaambulia hicho hicho. Shangazi yake mmoja alianza kusema kwa sauti ya chini kwamba huyu mtoto tutampeleka hospitali. Mimi nililia sana, na nilipokuwa nalia nilijua kabisa kwamba nalia vizuri, kama inavyompasa ndugu.

Baada ya adhuhuri kukasikika kelele uani. Wanaume waliokuwa wamekaa barazani waligeuka, mmoja akaguna, kisha wakaanza kucheka kwa kujizuia. Kitu kilikuwa kinaburuzwa chini. Mlangoni akatokea mtu amejifunga kanga ya bibi mwili mzima kama joho, mkono mmoja umefichwa ndani, ungo wa kupepetea dagaa usoni. Akauburuta mguu wa kulia mpaka katikati ya mikeka, akiwakanyaga wanawake vidole bila kuomba radhi. Akasimama mbele ya rafiki yangu.

"Mmekula?" aliuliza.

Waliokuwa humo walimwona marehemu wao, sauti yake, mguu wake, swali lake. Bibi kizee mmoja alishika mdomo. Mimi nilimwona mkuu wa Majivu kutoka kwenye zulia letu jekundu. Rafiki yangu, nilijua kwa namna kidevu chake kilivyoanza kutetemeka, aliwaona wote wawili.

"Hatujala," alisema. "Na hatuli."

Majivu aliketi chini kwa kishindo, akatupa ungo pembeni, uso wake umechoka.

"Kula basi nikuue," alisema. "Nimechoka kungoja. Majeshi yangu yanauliza, mkubwa, tunawamaliza lini hawa, mimi nasema ngojeni, wamegoma kula. Tangu jana niko mulangoni na mizinga yangu. Mvua imeninyeshea. Kula, dada, kula kidogo tu nikuue nikalale."

Rafiki yangu alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichochanika katikati kikawa kilio, na kilio kile kikamtoka kama maji yaliyokuwa nyuma ya mlango, akamwangukia yule mapajani, na yule akaendelea kumtukana na kumpigapiga mgongo kwa mkono wake mmoja, maana wa pili alikuwa bado kaufungia ndani ya kanga. Baadaye akachukua bakuli, bakuli langu, la uji wangu uliopoa, akamlisha. Alikunywa wote.

Nje wazee waliulizana huyu ni mtani wa ukoo kwa upande gani. Mmoja akasema ni wa ng'ambo. Wengine wakaitikia, ah, wa ng'ambo, kana kwamba hilo limeeleza kila kitu, na kwa kuwa mtani msibani hadaiwi ushahidi, wakampa haki yake: kuku mmoja mwekundu na kanga ile ile ya bibi aliyoivaa. Hakuna aliyejua kwamba utani ule ulikuwa umefungwa sebuleni kwa mtumishi wa maji kwa ajili ya watu wa nyota. Mimi nilijua. Nilitamani kusimama niseme. Niseme nini? Kwamba huyu si mtani, ni mtu tu aliyemchekesha mwenzangu nilipokuwa nimeshindwa?

Nilikaa. Ndugu hana kazi nyingine msibani ila kukaa na kulia, na mimi nafasi hiyo nilikuwa nimeigombania kwa bega. Nilipotoka kwenda chooni nilimkuta mtani nyuma ya jiko, kuku miguuni, anamlilia bibi bila sauti, peke yake, kanga ameiuma kwa meno. Alikuwa ameanika dagaa na bibi kila asubuhi. Hata yeye, nadhani, hakuwa amekula. Nilisimama nikamtazama, na Mungu anisamehe, niliona wivu hata juu ya kilio kile, kwamba alikuwa na bibi wa kumlilia na mimi nilikuwa namlilia wa rafiki yangu.

Baada ya msiba mambo hayakurudi yalivyokuwa. Jumamosi walikuja, nilikaa kulia, yeye kushoto, lakini niliona wazi kwamba zulia limeinama upande mmoja.

Kisha habari zikaja kwamba kwao kumetulia. Mama yake hakutaka kungoja zaidi. Walipata nafasi kwenye boti la injini linaloondoka Kibirizi asubuhi, baada ya wavuvi kushusha dagaa, na sisi tukaenda kuwasindikiza, tukipita kati ya wachuuzi na wapagazi, mchanga wote umetandikwa dagaa wanaong'aa. Nilivaa vizuri. Nitasema ukweli, nilikuwa na furaha, na nilikuwa nimeiandaa sura ya huzuni tangu nyumbani.

Alinijia mimi kwanza. Alinishika mikono yote miwili.

"Wewe umebaki naye," alisema. "Siku ile ya kugawana mataifa kwa baba yako nilitaka kukaa pale ulipokaa. Ulikuwa mwepesi."

Kwa dakika ile, na nusu ya iliyofuata, nilikuwa mtu tajiri kuliko wote Kibirizi. Alikuwa amenionea wivu. Kumbe na yeye. Nilitaka kumwambia chochote chema, nikamwambia asafiri salama.

Halafu akageuka kwa rafiki yangu, na wale wawili hata mikono hawakupeana. Rafiki yangu alianza kumtukana pale pale. Alimwambia aondoke upesi, ametuletea majivu mji mzima, hata dagaa wameingia mchanga kwa sababu yake. Yule akapanda boti akimwambia afadhali kukaa na samaki kuliko kukaa na yai la bata. Injini ikawashwa. Yule akajifunga kanga ya bibi, mkono mmoja ndani, akasimama kwenye boti mpaka mwenye boti akamgombeza akae.

"Mmekula?" alipiga kelele.

"Hatujala! Na hatuli!"

Boti likasogea. Akauliza tena, akajibiwa tena. Waliendelea hivyo juu ya maji, swali na jibu, mpaka injini ikayameza maneno, na bado rafiki yangu alikuwa anajibu, amesimama majini mpaka magotini, gauni limelowa, machozi yanamwagika, anamtukana. Wapagazi walisimama wakatazama. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye mchanga mkavu nimeshika viatu vyake. Sijawahi kupendwa na mtu kiasi cha kutukanwa vile.

Mwaka uliofuata baba alihamishwa. Deki ikafungwa kwenye blanketi, zulia likakunjwa, na jioni moja tukawa ndani ya treni pale stesheni ya Kigoma, mimi dirishani. Rafiki yangu alikuja. Alikuja mapema, amevaa kanga mpya, ameniletea furushi la dagaa wa kukaanga na chupa ya mawese iliyozibwa kwa gunzi. Alinishika mkono kupitia dirishani na kulia kwa staha. Aliniambia nimsalimie kila mtu wa kwetu Upareni, niandike barua, nisali, nisimsahau. Aliniita ndugu yangu, kila sentensi ndugu yangu. Hakukosea hata neno moja. Watu waliokuwa karibu walituonea huruma, na mama akasema kwa sauti kwamba mnaona, huo ndio urafiki.

Filimbi ikalia. Treni ikashtuka. Nikaona amebakiwa na nafasi ya neno moja, na mimi neno moja. Nikavuta mkono mmoja nikauficha ndani ya sweta, nikakaza sauti, nikainamisha kichwa kama mzee wa Majivu.

"Mmekula?" nilimwuliza.

Alijifuta macho. Alitembea pamoja na dirisha, kanga ameikusanya mkononi, akinitazama kwa upendo wote wa dunia.

"Tumekula, ndugu yangu," alisema. "Tumekula, usiwe na wasiwasi. Wewe ndiye ule njiani, usije ukalala na njaa."

Nikarudi kukaa. Mama aliniuliza kama nalia, nikamwambia ni vumbi. Hatujafika hata Uvinza nikalifungua furushi lake nikala dagaa wote, mmoja mmoja, nimenuna, sikumgawia mtu.